Dhahabu ya juzi

Nilifika Campo San Fantin nikiwa nimepotea mara mbili. Venice ndivyo ilivyo: simu inakuambia kata kulia, na kulia ni maji. Nilitazamia jumba la fahari, lakini La Fenice, jumba la opera (michezo ya kuigizwa kwa kuimba) la mji huu wa Italia, kwa nje ni ukuta mweupe wa wastani, nguzo nne na ngazi chache. Ningeweza kulipita hivihivi.

Ndani nikanyamaza. Dhahabu kila mahali, dari ya buluu, vyumba vidogo vya watazamaji vimepandana ghorofa juu ya ghorofa kama sega la nyuki. Nikajihisi niko karne ya 18. Mara anayetutembeza akasema, mnachokiona hapa kilimalizika 2003.

Niliudhika, nisiseme uongo. Kama mtu aliyeuziwa kanga ya bibi, kumbe imetoka dukani jana.

Jina lenyewe lingenishtua mapema. Fenice ni yule ndege wa hadithi anayeungua kisha akafufuka kwenye majivu yake. Waliolijenga walikuwa wameshaunguliwa na jumba jingine la opera, San Benedetto, mwaka 1774, halafu kesi ikawanyang'anya hata lile lililojengwa upya. Wakaanza kwingine. Msanifu Gian Antonio Selva akachora, likafunguliwa 1792. Vyumba vyote vya watazamaji vilikuwa sawa, Jamhuri ya Venice bado ikiwa hai. Cha kifalme kilikuja na Napoleon. Likaungua 1836, ndugu wawili wa ukoo wa Meduna wakalisimamisha kwa mwaka mmoja hivi. Kwa hiyo hata ile karne ya 18 yangu haikuwemo humu tangu zamani!

Moto wa 29 Januari 1996 ndio ulionikaa kichwani. Mafundi wawili wa umeme, binamu, kazi imewachelewa na faini inawasubiri, wakawasha moto. Mfereji wa pembeni ulikuwa umekaushwa ili usafishwe, mashua za zimamoto zikashindwa kusogea. Mji uliozungukwa na maji, na maji hayafiki! Helikopta ikawa inachota kwenye wangwa, yale maji ya bahari yanayouzunguka mji, na kumwaga.

Wakaamua lirudi kama lilivyokuwa, pale lilipokuwa, maneno yaleyale waliyoyasema mnara wa kengele wa San Marco, wa mjini humohumo, ulipoanguka 1902. Aldo Rossi, msanifu aliyechora ujenzi huo mpya, akafa 1997. Mafundi walitazama hata picha za *Senso*, filamu ya zamani ya mwongozaji Visconti iliyopigwa humo ndani kabla ya moto, wapate rangi na nakshi. Opera waliyorudi nayo jukwaani 2004 ilikuwa *La traviata*, ileile ambayo watazamaji waliikataa humuhumu usiku wake wa kwanza, 1853. Hapo nilicheka peke yangu.

Hasira ilikuwa imekwisha. Nilipotoka nikazunguka nyuma, kwenye mlango wa majini. Mfereji ulikuwa umejaa, rangi ya kijani kibichi, unapigapiga ngazi taratibu. Nikasimama nikayatazama yale maji muda mrefu kuliko nilivyoitazama dhahabu.