Chumvi au klorini ya kawaida katika bwawa la nyumbani

Baada ya miezi mitatu ya kuuliza mafundi, nimeamua kwamba bwawa letu la kuogelea hapa Mbezi Beach, lenye ujazo wa lita 40,000 hivi, litaendelea kutibiwa kwa klorini ya chembechembe na kichujio cha mchanga, ingawa moyo wangu ulikuwa kwenye mtambo wa chumvi.

Mtambo huo hupitisha umeme katika maji yenye gramu 3 hadi 4 za chumvi kwa lita na kuzalisha klorini humo humo, hivyo ningeanza na takriban kilo 140 za chumvi. Kilichonizuia ni maji ya kisima chetu, ambayo huacha gamba jeupe ndani ya birika. Gamba hilohilo hujijenga kwenye bamba za mtambo, na kuliondoa kunahitaji asidi. Isitoshe, umeme ukikatika, klorini nayo haizalishwi. Fundi mmoja aliniapia kwamba maji ya mtambo huo hayana klorini kabisa. Nilimshukuru, nikamsindikiza hadi getini.

Klorini naitia jioni, kwa kuwa jua huila upesi, baada ya kupima maji kwa kichupa na matone ya dawa: klorini iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo kinachopanda asidi ya maji ikipungua, iwe kati ya 7.2 na 7.6. Juzi pH ilifika 8, rangi ya maji kichupani ikakolea kama juisi ya rozela. Nikaongeza asidi kidogo kidogo huku pampu ikizungusha maji.