Korongo la Njorowa, mahali ziwa lilipomwagika

Habari za mabasi kutoka Mwanza hadi Naivasha, Kenya, nazipita haraka: nauli imepanda na viti vinabana magoti. Nililofuata ni Korongo la Ol Njorowa, ndani ya hifadhi ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha.

Leo Ziwa Naivasha halina mto unaotoka, na uso wake uko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Miaka kama 9,000 iliyopita ulikuwa zaidi ya mita 100 juu ya hapo. Maji yakavuka ukingo wa kusini, yakapita hapa yakichimba mwamba.

Baiskeli za kukodi ni ghali mno kwa hali zake. Jaribu breki zote mbili na mnyororo kabla ya kulipa, maana njia ni kokoto na vumbi la majivu.

Korongoni, wengi hukimbilia chemchemi za maji moto. Mimi nasema tazama kuta: tabaka nyeupe zimepishana na za kijivu. Okota kipande cheupe kilichoanguka (ukuta wenyewe usiguswe) ukikwangue kwa ukucha. Diatomaiti, yaani tabaka la maganda ya mwani wa ziwani, hutoa unga laini, ni nyepesi, na hunata ulimini. Majivu ya volkano hukwaruza, kwa sababu yana chembe za kioo. Unga ule ulipojaa hivyo palikuwa na ziwa. Majivu nayo yanatoa umri: fuwele za feldispa (aina ya madini) zilizomo hupimwa kwa agoni, gesi inayojikusanya ndani yake kadiri miaka inavyopita. Ndivyo ilivyojulikana kwamba ziwa lilisimama hapa juu miaka 135,000 hivi iliyopita, likashuka, likapanda tena na tena.

Mvua ikianza vilimani, toka hata kama jua linawaka juu yako. Korongo ni jembamba na maji hufika kwa kishindo. Mwaka 2019 yaliua watu 7.

Wengi hudhani enzi ya barafu ilijaza maziwa yetu. La. Bahari zilipoa, mvuke ukapungua, pepo za mvua zikadhoofika, maziwa yakasinyaa. Barafu ilipoyeyuka, mvua zikarudi kwa nguvu.

Hapo nikawaza kwetu. Ziwa Victoria, pamoja na upana wake wote, kina chake kikubwa kabisa ni mita 80 tu hivi, na sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayolinyeshea lenyewe. Mvua zikikatika, hakuna akiba. Watafiti waliotoboa tope la chini katika miaka ya 1990 walikuta udongo mgumu wenye vijizizi vya nyasi: miaka kama 17,000 iliyopita pale palikuwa mbuga. Basi furu wetu, samaki wadogo wa ziwa hili wa mamia ya aina, walitoka wapi upesi hivyo? Vinasaba vyao vinaonyesha koo mbili za kale, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu, zilizokutana zikazaana.