"Kwa Hiyo Utawafanyia Nini?"

Kwa miaka miwili niliandika peke yangu. Mchana ilikuwa kazi za wateja: mapendekezo ya miradi, wasifu wa kampuni, barua za kuomba zabuni. Usiku, kama nguvu zimebaki, hadithi fupi. Niliamini mwandishi hujifungia, na kwamba kumwonyesha mwenzako rasimu mbichi ni kujivunjia heshima. Kisha nikakosa kazi ambayo nilikuwa na hakika ni yangu. Pendekezo langu lilikuwa na kurasa 12. Mteja alinijibu kwa mistari miwili tu: hakuelewa ninakusudia kumfanyia nini. Iliniuma, maana nilikuwa nimelihangaikia wiki tatu.

Nililipeleka kwa watu watatu tuliozoea kukutana mara mojamoja na kupiga soga za kazi: mchoraji wa vitabu vya watoto, mhasibu anayejitegemea, na mfasiri. Niliwaomba niwasomee. Nikamaliza ukurasa wa kwanza, nikaingia wa pili, mhasibu akainua mkono.

"Samahani, dada. Kwa hiyo utawafanyia nini?"

Nikamjibu palepale: "Kila mwezi nitawaandikia barua moja ya kuwaeleza wateja wao kilichobadilika kwenye huduma, ili simu za malalamiko zipungue." Nikainamia tena karatasi niendelee. Mchoraji akanizuia. Alikuwa ameyaandika maneno yangu yote nyuma ya bahasha, akanisogezea.

"Haya uliyosema sasa hivi yako wapi humo ndani?"

Tukayatafuta wote wanne. Yalikuwa ukurasa wa saba, yamezikwa chini ya "mkakati shirikishi wa mawasiliano" na mengine ya aina hiyo.

Nimelirudia sana tukio hilo moyoni. Nikiwa peke yangu humwandikia msomaji niliyemuumba mwenyewe, na msomaji huyo daima ni hakimu. Basi naanza na historia yangu, najitetea, narundika maneno mazito ili nionekane nastahili. Mtu aliyekaa mbele yangu hana habari na utetezi huo. Anauliza, nami namjibu kama mtu anayeulizwa njia. Tangu siku ile siandiki pendekezo lolote kabla ya kumweleza mmoja wao kwa mdomo, hata kwa simu, dakika kumi tu, huku akiniuliza. Ninachomjibu nakiandika jinsi kilivyotoka. Mara nyingi ndicho kinachokuwa aya ya kwanza.

Tulianza kukutana kila wiki mbili, na haikuchukua muda tukaanza kuumizana. Kila mmoja alikuwa na dawa ya sentensi ya mwenzake. Wakati huo nilikuwa nasoma habari za Benjamin Franklin, ambaye mwaka 1727, akiwa kijana mpiga chapa mjini Philadelphia, alianzisha kundi lililoitwa Junto. Walikutana Ijumaa jioni, na kila mwanachama alitakiwa mara moja katika miezi mitatu kuwasomea wenzake insha aliyoiandika mwenyewe. Kilichonigusa ni kanuni yao moja: aliyeshikilia kauli yake kana kwamba haina mjadala, au kumkatalia mwenzake moja kwa moja, alitozwa faini ndogo. Watu hao ndio walioshirikiana naye kuanzisha maktaba ya michango mwaka 1731, na naona si ajabu, kwa kuwa walikuwa wamejifunza kusikilizana.

Sisi hatutozani faini. Tulichokubaliana ni kwamba msikilizaji kwanza aseme alichosikia, kabla ya kusema angependa nini. Aliyesoma ananyamaza mpaka wote wamalize. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kuandika kwenyewe. Lakini mfasiri aliposema, "Mimi nimesikia kwamba unaomba kazi kwa huruma," nilijua barua haifai, na hakukuwa na haja ya mtu kunionyesha neno la kufuta.

Kwenye hadithi walinisaidia kwa namna nyingine. Nilisoma hadithi ya mama anayerudisha funguo za nyumba aliyoiuza. Mhasibu, ambaye husema wazi kwamba hadithi si fani yake, aliniambia alianza kumwona yule mama ukurasa wa tatu, alipozihesabu funguo mara mbili. Nikafuta kurasa mbili za mwanzo. Nilizipenda sana kurasa zile, na bado naamini alikuwa sahihi.

Hapo hapo nilifanya kosa lililonigharimu hadithi nzima. Kwa kuona mazungumzo yanavyosaidia mapendekezo, nikawasimulia hadithi niliyokuwa bado sijaiandika, mwanzo hadi mwisho. Walicheka, wakahuzunika, wakauliza maswali mazuri. Nilipokaa kuiandika haikuwepo tena. Ile hamu ya kujua itakwendaje ilikuwa imeishia mezani. Kwa hiyo kwangu mimi mambo haya mawili yana saa tofauti. Kazi ya mteja naizungumza kabla ya kuiandika. Hadithi naificha mpaka rasimu ya kwanza ikamilike, hata kama ni mbovu.

Siri za wateja ni jambo la kuangalia pia: jina na bei havitajwi, na mteja akikataa maandishi yake kuonwa, nazungumzia tatizo langu la uandishi tu.

Faida ambayo sikuitarajia ilikuwa kwenye fedha. Mhasibu aliuliza siku moja kwa nini kazi zangu haziishi. Nikaeleza kwamba wateja huomba marekebisho tena na tena. "Umewaandikia mwisho wake uko wapi?" Sikuwa nimeandika. Sasa kila barua yangu ya bei inataja idadi ya kurasa, tarehe ya rasimu, marekebisho mara mbili, na malipo ya kila rekebisho linalozidi hapo. Mchoraji aliinakili aya hiyo kwa ajili ya wachapishaji wake, akabadilisha kurasa kuwa michoro.

Kile kikaratasi cha bahasha nimekibandika ukutani juu ya meza yangu. Wiki ijayo ni zamu yangu ya kusoma. Nina hadithi iliyokamilika, kurasa tisa, na hakuna hata mmoja wao anayejua inahusu nini.