Siku moja ya fundi boti, Deep Sea Tanga: pampu ya umeme na injini inayochemsha

Watu wengi wakisikia mi fundi boti wanadhani ni fundi gari tu aliyehamia karibu na bahari. Sio hivyo jamani. Gari likichemsha unapaki pembeni, unafungua boneti, unasubiri lipoe. Boti ikikuchemshia nje ya kisiwa cha Ulenge, kusi inavuma, hakuna pembeni ya kupaki. Sa naandika siku yangu ya jana ilivyokwenda mjue hii kazi ina nini ndani yake.

Saa 11 alfajiri nimeswali, chai na mandazi, bodaboda mpaka Deep Sea. Boti za dagaa zinaingia, mnada umeanza, kelele kama kawaida.

Saa 12 mpaka saa 3 ni kazi zangu za kila siku: plagi za mashine ya nje, mpira wa dizeli unaovuja, na impela (feni ya mpira ndani ya pampu ya maji) ya injini moja iliyopoteza mabawa mawili, nikayatafuta mpaka nikayapata kwenye bomba, mana ukifunga mpya ukaacha vipande vya zamani ndani vitaziba njia ya maji na wiki ijayo utaitwa tena.

Saa 3 na kitu akaja tajiri mmoja, mwenye boti, na nahodha wake. Hata salamu haijaisha, "Fundi, boti inachemsha, nibadilishie gasketi ya hedi." Keshaamua mwenyewe, kaambiwa na fundi wa gereji mjini. Injini yenyewe ni 2L ya Toyota, ilitoka kwenye Hiace, wakaifunga kwenye boti. Sasa injini ya gari ikiingia baharini rejeta inatolewa, maji yake yasiyo na chumvi yanazunguka kwenye kula (cooler, kipoozeo), na kula hiyo inapozwa na maji ya chumvi. Kwenye injini ya gari hakuna sehemu iliyotengwa ya kufunga pampu ya kuvuta maji ya bahari, ndo hapo watu wengi wanaweka pampu ya umeme ya volti 12. Ni njia nzuri kabisa, mi mwenyewe naifunga. Mradi ifungwe inavyotakiwa.

Nikamuuliza nahodha, ndugu yangu, inachemsha lini hasa? Akasema, "Tukitoka inachemsha, tukirudi haichemshi." Hilo ndo lililowachanganya wote, mabaharia wengine walishaanza kunong'ona kwamba boti imechezewa. Mi nikaomba kuona pampu iko wapi. Nikafunua ubao, naikuta imefungwa juu kwenye mbavu ya boti, pazuri, pakavu, haishikwi na maji machafu. Yani ndo ugonjwa wenyewe ule. Pampu hizi za kusukuma kwa feni hazijui kunyonya, lazima ziwe chini ya usawa wa bahari maji yaingie yenyewe. Wakitoka boti tupu, iko juu, pampu inameza hewa. Wakirudi na samaki na barafu boti imezama kidogo, maji yanaifikia, injini inapoa. Hakuna mchawi hapo.

Nikaishusha mpaka chini karibu na valvu ya kuingizia maji ya bahari, nikafupisha mpira, klipu mbili kila upande. Hiyo saa nzima umelala kifudifudi kwenye joto la injini, harufu ya dizeli na samaki, jasho linaingia machoni na huwezi kujifuta mana mikono ni grisi.

Tukawasha. Maji yakatoka ubavuni, tajiri akafurahi, akashika funguo. Nikamwambia mzee wangu bado. Nikachukua ndoo ya lita 20 nikakinga maji kwenye bomba la kutokea, simu inahesabu. Sekunde 55. Pampu yake boksi linasema galoni 1100 kwa saa, za Marekani, ni kama lita 4,160, ila hiyo ni pampu isiyo na mpira wala kazi ya kupandisha maji juu, kwenye boti hupati hiyo. Lakini sekunde 55 ni lita 1,300 tu kwa saa, ni kidogo mno. Nikaweka mita: kwenye betri 13.6, kwenye pampu 11 kamili. Waya! Waya wa nyumba, ule wa kipande kimoja cha shaba, mwembamba, umeungwa kwa kusokotwa na soleteipu, na kwenye maungio umeshaota kijani.

Hapa ndo mchana wangu ulipoishia. Namwambia tunahitaji waya wa milimita 4 wa nyuzi nyingi, yeye anasema umeme si unafika, pampu si inazunguka, nyie mafundi mnatafuta tu hela. Akampigia yule fundi wa gereji, akaniwekea spika, nikaelezea tena. Akampigia shemeji yake. Adhana ya adhuhuri ikapita, nimeswali nimerudi, bado tuko palepale. Ilinikera, nasema kweli, mana waya ule wa kipande kimoja mtikisiko wa injini utaukata siku moja, pampu inasimama kimya na injini inaendelea kuunguruma kama hakuna kitu. Pampu ya mkanda ukiona mkanda umekatika unajua. Ya umeme haikuambii. Mwisho nahodha ndo aliyeongea, taratibu tu, "Tajiri, baharini naenda mimi na vijana hawa." Hela ya waya ikatoka.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Waya mpya, maungio ya kubana na mpira wa kuziba, fyuzi karibu na betri, rilei (swichi inayowashwa na umeme) inayofuata swichi ya injini, ikizimwa na pampu inazima. Hiyo ya swichi msiidharau hasa boti ambazo maji yanamwagwa ndani ya ekzosi, ukizima injini ukasahau pampu inazunguka, maji yanajaa ekzosi yanarudi mpaka kwenye silinda, na injini nzima unaizika. Nikafunga na kengele ya joto niliyokuwa nayo kwenye boksi.

Ndoo sasa sekunde 34. Volti 13.3 kwenye pampu. Tukatoka nayo ikiwa tupu makusudi, tukaisukuma kwa nguvu yote ya injini mpaka karibu na Ulenge na kurudi, mshale wa joto haukuvuka katikati. Mgongo wangu ulikuwa umekufa ila pale nilisimama nimenyooka.

Nimefika nyumbani isha imeshapita. Tajiri kalipa nusu, nusu nyingine wakirudi na samaki, na gasketi ya hedi hakuna aliyeigusa.