Usiku wa Upepo Barafu

Wakati huo nilikuwa bado mgumu, ndivyo tunavyojiita wapagazi wa Kilimanjaro, na tulikuwa tunapandisha wageni kwa njia ya Machame. Tulifika kempu ya Barafu, mita 4,673, hali ikiwa shwari kabisa. Kempu ile imekaa juu ya mgongo wa mlima, haina mti wala kichaka cha kukukinga, na kigingi hakiingii kwa sababu ni mwamba mtupu. Kamba za mahema hufungwa kwenye mawe.

Kiongozi mkuu, mzee wa Kibosho aliyezeekea mlimani, alipita akivuta kila kamba kwa mkono. Palipolegea aliagiza jiwe jingine. Milango ya mahema aliigeuza yote itazame bondeni, kwa kuwa usiku upepo hushuka kutoka kilele cha Kibo. Tulikuwa hoi, lakini hakuna aliyembishia Mzee.

Giza lilipoingia upepo ukaanza. Kimya kidogo, kisha unausikia ukivuma huko juu kabla haujakufikia, halafu unapiga. Sisi wagumu tulikuwa tumelala kwenye mes, lile hema kubwa la kulia chakula, na nguzo zake za chuma zikaanza kupinda. Mzee akapaza sauti:

“Vijana, zimeni gesi! Tokeni, ilazeni mes!”

Tukang'oa nguzo, turubai likalala chini, tukalirundikia mawe. Hema pana namna ile hushika upepo kama tanga. Tukajibana kwenye mahema madogo, mizigo mizito tukaiweka pembe za upande wa upepo, zipu zote zikafungwa, maana upepo ukipata pa kuingilia hema hujaa na kunyanyuka. Mgeni mmoja alibanwa na haja, na vyoo vya pale viko karibu na genge. Viongozi wawili walimpeleka wamemshika mikono, na kila upepo ulipokuja walichuchumaa wote watatu mpaka upite.

Saa sita usiku, saa ya kuanza kupanda kileleni, wageni walikuwa wameshavaa. Mzee akakataa. Mmoja wao alibishana naye sana, na namwelewa: alilipa pesa nyingi na likizo ilikuwa inamwishia. Mzee hakupandisha sauti. Alimwambia kama hapa kempu huwezi kusimama bila kushika jiwe, huko juu ni kokoto zinazoteleza na hakuna pa kujikinga. Kukiwa na nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 50 kwa saa huifanya ngozi ihisi nyuzi 22 chini ya sifuri. Vidole hufa namna hiyo. Katika kazi zote nilizomwona Mzee akizifanya, ile hapana yake naiheshimu kuliko zote.

Alfajiri upepo ulilegea. Hema moja lilichanika, mtu hakuumia. Waliondoka kumekucha, wakafika Stella Point, ukingo wa kreta chini ya kilele, mita 5,756, na hapo Mzee akawageuza kwa sababu upepo ulikuwa unarudi. Yule aliyebishana alishuka nasi kwa njia ya Mweka kwa miguu yake mwenyewe, akimuuliza Mzee mwezi gani ni mzuri wa kurudi.