Kata kwanza

Jana usiku tulikuwa tunafunika vitabu vya shule, mimi na binti yangu mkubwa, mamake alishachoka na sisi akaenda kulala, na selotepu ikaisha vikiwa vimebaki viwili. Nikachokora ile droo ya takataka nikapata tepu ya karatasi, ile ya mafundi wa rangi, imezeeka hadi ikawa manjano. Kuvuta kipande tu, harufu ya gundi ikanipiga nikabaki nimesimama hapo. Binti akauliza, "Baba, mbona umenyamaza?" Nikamwambia hii tepu ilitoka kazini. "Kwani uliiba?"

Ni ya Mei 2017. Mlionijua miaka ile mnakumbuka nilikuwa naishi Kondele, nafanya kazi upande wa kompyuta pale chuoni, na mnakumbuka pia sikuwa bosi wa mtu yeyote.

Ijumaa tarehe 12 jioni ndio WannaCry, kirusi cha kompyuta kinachofunga faili zako hadi ulipe, ilianza kuwa habari. Hospitali za Uingereza zinarudisha wagonjwa nyumbani, kompyuta zimeshikwa na dirisha jekundu linadai dola 300 za Bitcoin, ukikaa siku tatu zinakuwa 600, siku saba zikiisha unaambiwa sahau faili zako. Ilikuwa inaingilia tundu la Windows ambalo Microsoft walikuwa wameshaziba tangu tarehe 14 Machi, lakini hiyo ni kwa aliyeweka apdeti, na sisi mchana tulizibana apdeti ili wanafunzi wapate intaneti, usiku nazo mashine zimezimwa. Fanya hesabu mwenyewe.

Jumamosi bosi alikuwa mazishini huko Bondo. Nilipiga simu mara sijui ngapi, aliposhika nikaskia spika, upepo, mchungaji anaombea ukoo mzima, na mimi napayuka, "Bosi, nikate intaneti ya chuo chote?" Ikaja sauti vipande vipande: "Kata! Kata kwanza!" Halafu kimya.

Nikakata. Nilienda kwa chumba cha seva, nikachomoa ile waya ya faiba nyembamba kama uzi wa kushonea, taa moja ya kijani ikazima, na feni zikaendelea kunguruma kana kwamba hakuna kitu kimefanyika. Nilijiskia mwanaume kweli siku hiyo.

Sasa kuambia watu wasiwashe mashine Jumatatu ndio ikawa kazi. Barua pepe ya wafanyakazi wote haiwezi kutoka, si nimekata intaneti. Nikafungua grupu ya WhatsApp nikaiita DHARURA, ujumbe wa kwanza kuingia ukawa ni maombi ya asubuhi yenye picha ya maua. Mkuu mmoja wa idara alidhani naitisha mchango, mwingine akaniambia niandike barua kupitia ofisi husika, mwingine alikuwa kanisani akanong'ona "sawa sawa" na nina hakika hakuskia kitu. Basi nikaandika makaratasi kwa kalamu nene, USIWASHE HII MASHINE, nikachukua hii tepu, nikazunguka jengo kwa jengo Jumapili nzima na mvua ya Mei ile, askari mmoja ananifungulia milango huku akiniuliza kama kuna overitaimu.

Jumatatu asubuhi nikaitwa na Mathe. Mathe ndiye alikuwa anapiga chapa alama za mitihani za kitivo kizima, na mwaka ule wahadhiri walikuwa wamegoma kutoka Januari hadi Machi kwa hivyo kila kitu kilikuwa kimerundikana kwake. Alinipigia kwa utaratibu tu, "Kijana wangu, kuja uone, kuna mtu ananidai."

Nilipofika alikuwa ameketi wima, miwani kwa ncha ya pua, mikono imekunjwa mapajani kama mtu yuko mbele ya chifu. Dirisha lenyewe jekundu kama damu ya kuku, kufuli upande wa kushoto, saa mbili zinahesabu kurudi nyuma. Na Mathe alikuwa amepata ile orodha ya lugha pale juu, anaishusha pole pole na mausi.

"Nimetafuta Kiswahili sijakiona," akasema. "Kuna Kiindonesia. Kuna Kilatvia. Kilatvia ni ya wapi?"

Nikamwambia ni huko Ulaya. Baadaye nilikuja kusoma kwamba lugha ni 28, na sisi hatumo.

"Yaani hata kutuibia hawatutambui." Akashusha tena, akarudi Kiingereza. "Na hizi pesa zinalipwa kwa paybill gani?"

"Hii si ya M-Pesa, Mathe."

"Ni ngapi kwa shilingi?"

"Elfu thelathini na kitu."

Akanyamaza. Nje tuktuk zilikuwa zinapiga honi za asubuhi. Halafu akavuta kiti karibu akaniambia kwa sauti ya chini, mlango ukiwa wazi, kwamba pesa ya chama iko nyumbani kwake, yeye ndiye mweka hazina, angewaambia wenzake amefiwa wangeelewa. Huyu mama alikuwa tayari kuua jamaa wa kubuni ili alama za watoto wa watu zirudi. Sikujua nitazame wapi, nikatazama meza. Karatasi yangu ya USIWASHE ilikuwa hapo, imekunjwa mara nne, imewekwa chini ya kikombe cha chai kisiache alama. "Ah hiyo?" akasema. "Nilidhani ni ile ya watu wa stima."

Faili zake za Excel zote zilikuwa zimegeuka karatasi nyeupe zenye mkia wa .WNCRY. Nikamuuliza kama kuna mtu aliingia hapo. Akasema ni mhadhiri mmoja tu, alikuja mapema na laptopu yake ikiwa na hiyo hiyo rangi nyekundu, ilimshika wikendi akiwa kwingine, akaomba achomeke waya wa ukutani atafute usaidizi kwa intaneti. "Akakaa kidogo, akasema hakuna neti, akaenda zake."

Mengine ni ya haraka. Tulitenga hilo jengo, tukapata mashine zingine chache ghorofa hiyo hiyo, tukazifuta zote tukaweka apdeti kwa flashi moja baada ya nyingine. Hakuna aliyelipa. Mathe akarudia kupiga chapa alama kutoka kwa makaratasi ya wahadhiri, wiki tatu, na bakapu ilikuwepo ila ilikuwa kwa flashi iliyochomekwa kwa mashine ile ile, tusiongelee.

Jumanne usiku, nimelala kitandani na simu, ndio nikasoma vizuri ile habari ya Marcus Hutchins, kijana wa Uingereza aliyeona kwamba hiyo kirusi kabla ifanye lolote inauliza kwanza anwani moja ya intaneti, jina refu kama paka alitembea kwa kibodi, anwani ambayo haikuwa ya mtu. Akainunua kwa kama dola kumi, Ijumaa ile ile. Kuanzia hapo kirusi kikiuliza kikajibiwa, kinajizima, hakisambai. Kisipojibiwa ndio kinaenda kugonga mashine za jirani kwa poti ya 445, ile ya kugawana faili na printa.

Nikasoma hapo mara tatu. Halafu nikakaa.

Ile laptopu ilipochomekwa kwa ukuta wa Mathe iliuliza, na haikujibiwa, kwa sababu waya nilikuwa nimechomoa mimi mwenyewe Jumamosi. Ingawa pia sisi tulikuwa tunapitia proksi, ile mashine ya katikati inayopokea maombi yote ya intaneti kabla yatoke nje, na inasemekana hiyo kirusi haikuwa inajua kupitia proksi, kwa hivyo pengine ingekosa jibu hata waya ikiwepo. Nimebishana na hilo jambo miaka na miaka, kuna siku proksi inashinda, kuna siku mimi nashindwa.

Kwa ripoti niliandika "intaneti ilikatwa Jumamosi jioni". Ilikatwa. Hiyo w ndogo imeokoa watu wengi serikalini. Bosi aliisoma akaniita, akauliza ni nani alitoa amri, nikamwambia si ni wewe, ulisema kata kwanza. Akanitazama sana. "Nilikuwa kando ya kaburi. Nilisema kata *simu* kwanza." Akaweka sahihi lakini.

Mathe alistaafu. Nilimpata soko la Kibuye majuzi anachagua omena, akanikumbatia, akaniuliza habari za watoto, kisha akauliza kama wale watu wa Kilatvia waliwahi kulipwa. Nikasema si na sisi.

"Afadhali. Na yule mwalimu," akasema, akiwa bado anapepeta omena kwa vidole, "aliwahi kupata neti?"

Nikamlipia gorogoro mbili.