Sufuria moja, wateuzi wawili na mtoto wa miezi tisa

Saa 11 alfajiri. Adhana inanikuta nimeshawasha jiko. Mke wangu bado yuko usingizini. Ana zamu ya jioni hotelini, upande wa Nyali hapa Mombasa, na hurudi usiku wa manane. Kwa hiyo tumegawana: asubuhi na jiko la jioni ni mimi, mchana ni yeye. Majirani walicheka mwezi mzima. Siku hizi wananiuliza nimepika nini.

Saa 12 na nusu nawapakia wanangu wawili kwenye tuktuk hadi shuleni. Ndiyo safari pekee ya bure. Baada ya hapo kila kiti kina nauli, maana tajiri wa tuktuk ataka hesabu yake jioni, mvua inyeshe, jua liwake. Kisauni, Kongowea, Kisauni, Kongowea. Foleni ya Daraja la Nyali sitaisimulia, aliyeikaa anaijua.

Saa 5, abiria wakipungua, naingia soko la Kongowea. Tungule, yaani nyanya, nachagua zile laini, zilizoiva hadi zinabonyea, ambazo wengine huzipita. Bei yake iko chini na kwa mchuzi zayeyuka upesi kuliko ngumu, tena uchachu wake ni mdogo. Kipande cha boga, karoti mbili, thomu (kitunguu saumu), fungu la kotmiri, nazi moja. Buchani, robo ya maini.

"Baba, leo tena wapika wewe? Mkeo amekulisha nini?" aniuliza mama wa tungule.

"Mimi ndiye ninayelisha, mama."

Acheka hadi aniongeza tungule mbili.

Saa 8 mchana, makabidhiano mlangoni. Mke wangu anatoka, mtoto anabaki na mama yangu, mimi narudi barabarani.

Saa 10 na nusu tuko nyumbani, wanafunzi wana njaa na vita vinaanza.

Nikiwa mdogo, tambi zilikuwa kitu cha sukari: zakaangwa, zatiwa tui, hiliki na zabibu kavu, hasa mwezi wa Ramadhani. Spageti ya mchuzi niliijua kwa jirani Msomali, ambaye huiita baasto na huila na ndizi mbivu pembeni. Waitaliano walitawala kusini mwa Somalia, wakaondoka, tambi zikabaki. Mama yangu mpaka leo aziita "tambi za chumvi" na huzitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Wateuzi wangu wa chakula, na mdogo wao, ni hawa. Kifungua mimba, miaka tisa, hali chochote cha kijani. Kwake yeye yote ni "majani". Wa pili, miaka mitano, majani hayamsumbui, ila mchuzi ukigusa spageti yake basi sahani nzima imeharibika. Kitinda mimba, miezi tisa, hula kila kitu, pamoja na ncha ya mkeka.

Zamani nilichanganya vyote sufuriani na kupakua. Walilia wote. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba hawakukataa vyakula, walikataa kuchanganyiwa.

Kwa hivyo sasa: boga, karoti, tungule na thomu vyachemka pamoja dakika 15. Leo nilipotaka kuvisaga, stima ikapotea. Nikavipitisha kwenye chujio kwa mgongo wa upawa, kazi ya dakika kumi na jasho la Mombasa. Mchuzi ukatoka mlaini kuliko wa blenda, lakini sitarudia kwa hiari yangu.

Pakiti ya spageti ni gramu 500. Wanaojua husema lita 5 za maji. Mtungi wangu wa gesi unasema lita 3. Hazigandani, mradi usiache kuzikoroga dakika mbili za mwanzo. Chumvi siweki bado. Kliniki walitwambia mtoto aliye chini ya mwaka hahitaji chumvi wala sukari ya kuongeza, na asali asionjeshwe kabisa. Walitwambia pia kwamba akifika miezi sita akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huanza kwisha, na maziwa ya mama pekee hayatoshi kuijaza. Ndiyo sababu ya yale maini. Nayapika hadi yaive kabisa, nayaponda, nampa kijiko, tena si kila siku, kwa kuwa yana vitamini A nyingi.

Nachota kikombe cha maji ya spageti na kukiweka kando. Zetu nazichuja, za mdogo naziachia moto dakika tano zaidi, mpaka zinapondeka kwa vidole, kisha nazikatakata na kuzitia mchuzi wa boga na tui kidogo. Akishatengewa yake, ndipo chumvi, bizari na pilipili manga vinaingia kwenye mchuzi uliobaki, pamoja na kile kikombe. Wanga wake ndio unaofanya mchuzi ushike spageti badala ya kuteleza chini ya sahani.

Saa 12 na nusu, mkekani, bakuli mbalimbali: spageti yenye samli, mchuzi, maini, kotmiri, ndizi. Kila mtu ajipakulie. Wa pili aweka mchuzi kwenye kikombe na kuchovya uzi mmoja mmoja kama mvuvi. Tutakula hadi isha, lakini anakula. Kifungua mimba amwaga mchuzi wa kutosha. Aamini wekundu wote ule ni wa tungule. Boga si la kijani, kwa hivyo sijamdanganya.

Kotmiri namwekea jani moja pembeni ya sahani kila mara. Mtoto huenda akahitaji kuonyeshwa chakula mara kumi au zaidi kabla ya kukionja. Sisi tumepita kumi zamani. Leo alilishika, nikanyamaza, nikatazama kando. Alipomaliza kulichunguza, akampa mdogo wake, naye akalila.

Saa 6 usiku mke wangu anaingia, viatu mkononi. Ala kwenye sufuria, amesimama.

"Mbona yangu imejaa majani?"

"Ni fungu zima, nimelinunua kwa pesa. Kula, mama."

Acheka kwa kuziba mdomo, wasiamke.